Moto wa Nyumba ya Baba Mkwe

Siku ya maziko ya mwalimu wa kwaya, karibu kitongoji kizima kilikwenda Ipyana. Nyumba zilibaki na kufuli, mbwa wakalala vivulini chini ya mikakao, na barabara ikawa nyeupe, haina mtu.

Kikundi cha zimamoto cha kujitolea kilikuwa na watu kumi na wanne. Kumi na mmoja walikuwa msibani. Watatu walibaki zamu, kwa sababu Zebedayo, kiongozi wao, aliapa tangu mwaka zilipoteketea nyumba tisa kwa mchana mmoja kwamba banda la vifaa halitakosa mtu tena, hata siku ya Krismasi. Wa kwanza alikuwa Zebedayo mwenyewe, mwashi wa miaka sitini na miwili ambaye vumbi la saruji lilikuwa limemharibu kifua. Wa pili Lutengano, dereva wa guta la mizigo la magurudumu matatu, baba wa watoto wawili, mtu wa maneno machache. Wa tatu alikuwa Felista, mkulima wa kakao, mke wa Gwamaka.

Saa nane na nusu mchana simu ya Zebedayo iliita. Akasikiliza amesimama. Felista, aliyekuwa akiziba tundu la mpira wa maji kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, alimwona akimtupia jicho, kisha akaligeuza haraka upande wa ukuta.

"Nyumba ya bati au ya nyasi?" Zebedayo aliuliza kwenye simu. "Mtu yumo? … Tunakuja. Msifungue madirisha. Nasema msifungue!"

"Kwa nani?" Felista aliuliza.

Zebedayo alivaa kwanza helmeti yake, moja ya zile za bodaboda zilizopakwa rangi nyekundu.

"Kwa mkweo," akasema. "Mzee Anyelwisye. Yumo ndani."

Lutengano alikwisha kuwasha guta. Pampu ya kumwagilia mpunga, mpira wa mita sitini, mabomba mawili ya mgongoni ya kupulizia dawa kwenye kakao, magunia, kamba, upondo wenye ndoana ya kuvutia mabati: vyote hukaa juu ya guta usiku na mchana. Felista alirukia nyuma akaikumbatia pampu isianguke, na guta likachomoka.

Njia nzima Zebedayo alikuwa akipiga simu. Gari la zimamoto la wilaya lilikuwa limetoka asubuhi kwenda kwenye lori lililopinduka huko juu milimani. Wangegeuza, walisema, lakini si chini ya saa nzima. Akampigia Gwamaka. Simu ilikuwa imezimwa. Bila shaka muda huo Gwamaka alikuwa na jeneza begani.

Felista alikuwa akifikiri juu ya mzee ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kumtazama usoni.

Felista ni Mkisi wa Itungi, si Mnyakyusa kama mumewe, binti wa mpakia mizigo wa bandarini, na alipoolewa shangazi za mume walimweka chini wakamfundisha. Mke wa Kinyakyusa hamtazami baba wa mumewe. Halitaji jina lake. Akimwona njiani huacha njia, akachutama pembeni na kugeuza uso mpaka apite. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo, na kanisani utaona wakwe wakipeana mikono bila shida. Mzee Anyelwisye hakuuacha. Alikuwa mzee wa kanisa na bado hakuuacha. Akitaka neno limfikie Felista, alilipitisha kwa wajukuu: mwambieni mama yenu hivi, mwambieni mama yenu vile. Felista alimjua kwa kikohozi chake, na kwa mkongojo ukigonga sakafu. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimlemaza mguu na mkono wa kulia, naye akabaki ndani ya nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya migomba, nyumba aliyokataa kuihama.

Walipokata kona waliuona moshi. Ulikuwa mweusi chini, wa kahawia juu, na upepo wa ziwani uliuinamisha kuelekea nyumba ya jirani.

Jiko la nyasi lilikuwa limekwisha, limebaki majivu na sufuria. Kutoka jikoni moto ulikuwa umepanda kwenye mbao za paa la nyumba kubwa, ukawa unatembea chini ya mabati ambako macho hayafiki. Moshi ulichuruzika kila mahali ukuta ulipokutana na bati. Jirani, mama mmoja aitwaye Angetile, alikuja mbio na ndoo tupu mkononi.

"Walikuwa wanachoma majani ya migomba kule shambani," alisema huku akihema. "Upepo ukaleta cheche. Nimeita, nimeita, mzee hajibu! Na ile yangu ni nyasi, Zebedayo, si unaiona?"

Nyumba yake ya nyasi ilikuwa hatua ishirini tu, upande ule ule upepo ulikokwenda.

"Chukua bomba la mgongoni. Lowesha paa lako, usiache mpaka nikwambie," Zebedayo alisema. "Lutengano, mfereji uko wapi?"

"Nyuma ya kakao."

"Nenda."

Hapo ndipo Felista alipomwona Ambrose, shemeji yake, mdogo wa Gwamaka. Ambrose ni mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Hupeleka mchele Malawi, hurudi na sukari, sabuni, na chochote kinachoadimika upande huu. Alikuwa amesimama mbali, kwenye mikakao, simu mkononi, shati likiwa limemganda kwa jasho. Mtu ambaye nyumba ya baba yake inaungua hasimami mbali namna ile, Felista aliwaza. Lakini wazo lenyewe halikupata muda wa kukaa.

Zebedayo alimwita. "Ambrose! Baba yuko chumba gani?"

"Cha nyuma. Kushoto."

"Ndani kuna nini? Mtungi wa gesi? Mafuta? Dawa za shamba?"

"Hakuna."

"Nakuuliza mara ya pili. Anayeingia mle ni mtu, ana watoto. Kuna nini ndani?"

Ambrose alitazama nyumba, akamtazama Felista, akatazama chini. "Hakuna kitu. Vitu vya mzee tu. Kitanda na Biblia."

Zebedayo alianza kujifunga kamba kiunoni. Kabla fundo halijakaza kikohozi kilimshika, kikamkunja, akabaki ameshika magoti. Moshi ule ulikuwa bado wa nje. Felista aliifungua kamba kiunoni pake, akajifunga yeye.

"Ni mkweo," Zebedayo alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Mzee mwenyewe hatakubali."

"Kwa hiyo aungue kwa heshima?"

Zebedayo aliangalia fundo, akalikaza tena. "Nikivuta mara moja nakuuliza kama u mzima, na wewe unajibu mara moja. Ukivuta mara mbili nakutoa, hata kama hujamwona. Felista, umesikia? Hata kama hujamwona."

Felista alizamisha kanga ndani ya ndoo, akajifunga puani na mdomoni, akavaa gunia bichi mabegani. Lutengano aliwasha pampu. Mpira ukajaa, ukajinyonganyonga majanini, maji yakatoka kwa kukohoa, kisha kwa nguvu. Waliyaelekeza kwenye mlango wa mbele mpaka fremu ilipoacha kuwaka. Felista akapiga magoti, akaingia kwa kutambaa.

Ndani hakukuwa na mchana. Kiasi cha shibiri mbili kutoka sakafuni hewa ilikuwa bado inavutika. Juu ya hapo hapakuwa na hewa. Joto lilimkalia mgongoni kama mtu mzito. Juu yake mbao zililia na kupasuka, na mara kwa mara msumari ulioiva ulidondoka ukachemka kwenye sakafu yenye maji. Alishika ukuta wa kushoto kwa mkono wa kushoto kama walivyofundishwa. Meza. Kiti. Kizingiti. Kamba ilivutwa mara moja, naye akajibu mara moja.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umerudishwa, na hilo ndilo lililomwokoa mzee mpaka muda huo. Felista aliusukuma kwa bega.

"Hodi," alisema, na papo hapo akaona jinsi neno lilivyokuwa la kijinga.

Mzee Anyelwisye alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na ukuta. Bila shaka alijaribu kusimama akaanguka. Alikuwa amejifunika blanketi kichwani. Felista alimsogelea, akaligusa blanketi, na mzee akalifunua kidogo. Jicho moja jekundu likamtazama. Kisha akageuza uso ukutani kwa haraka ya mtu aliyeona uchi wa mwenzake, akainua mkongojo kwa mkono mzima, akaugonga sakafuni: moja, mbili, tatu. Ondoka.

"Baba, nimekuja kukutoa."

Mkongojo ukagonga tena.

"Hakuna mwingine, baba. Wote wako msibani. Niko mimi tu."

Alijaribu kumshika kwapani. Mzee alijikaza, akajipachika kwenye mguu wa kitanda kwa ule mkono wake mzima, na nguvu za mkono ule zilikuwa bado za mlima jembe. Felista alivuta, mzee akashikilia. Kamba ilivutwa mara moja. Akajibu. Machozi yalikuwa yakimtoka, hakujua kama ni ya moshi au ya hasira. Akafikiri: akifa hapa itasemwa nilimwacha, na nikimtoa itasemwa nilimshika.

Ndipo mzee aliposema. Sauti ilikuwa nzito upande mmoja, kiharusi kilikuwa kimeipinda, lakini maneno yalikuwa wazi, na aliyasema akiwa amemgeukia.

"Felista. Toka. Chini ya kitanda kuna petroli ya Ambrose. Toka, mwanangu. Una watoto."

Felista alilaza shavu sakafuni akachungulia. Madumu manne ya njano yalikuwa yamepangwa ukutani, yale ya lita ishirini. La mwisho, lililokuwa karibu na kona ambako dari lilikwisha kuanza kudondosha makaa, lilikuwa limevimba ubavuni na kulegea kama tunda lililooza. Harufu aliyodhani ni ya moshi ilikuwa hiyo.

Mwili wake wote ulitaka kugeuka. Aliuhisi ukigeuka, magoti yakitafuta mlango, na kwa muda mfupi, ambao hakuja kumsimulia mtu, alimwacha. Alikwenda urefu wa mkono mmoja. Kisha akarudi.

Hakumwomba tena. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono kwa ngumi, kwa nguvu, kama anavyopigwa mtoto anayeng'ang'ania kisu, vidole vikaachia. Akamfunika blanketi kichwani, akaukunja upande mmoja chini ya mgongo wake, akashika ncha mbili, akaanza kumburuta kinyumenyume. Mzee hakupinga tena. Alikuwa akisukuma sakafu kwa mguu wake mmoja.

Walifika sebuleni. Felista aligeuka kuutafuta mlango, akakuta hakuna maji. Fremu ilikuwa inawaka tena, yote, juu na pande zote mbili. Nje alimsikia Lutengano akipiga kelele kwamba pampu imevuta tope, na kamba ya kuwashia ikivutwa, ikivutwa, injini ikikohoa na kuzima.

Akaivuta kamba yake mara mbili.

Kamba ikakaza. Ikamvuta hatua moja, ikasimama. Alikuwa na mzee mzima kwenye blanketi, na upande wa pili palikuwa na mwashi wa miaka sitini na miwili asiye na pumzi. Akavuta tena mara mbili. Kamba ikatetemeka bila kusogea.

"Petroli!" Ilikuwa sauti ya Ambrose, nayo ilikuwa karibu, mlangoni kabisa. "Zebedayo, kuna petroli ndani! Madumu manne! Mama Angetile, ondoka hapo! Rudini nyuma wote!"

Kisha kamba ikashikwa na mikono mingine. Felista hakutembea kutoka mle. Alivutwa kama mtumbwi unavyopandishwa ufukweni, mgongo mbele, vidole vyake vimefungwa kwenye blanketi hata asingeweza kuviachia kama angetaka. Alipita motoni amefumba macho. Kitu kilimlamba sikio. Bomba la mgongoni likampulizia maji usoni, kisha kwenye blanketi, kisha akaona anga, na Ambrose akiwa amepiga magoti, kamba imemchana viganja, bado anavuta ingawa hapakuwa tena na haja.

"Endeleeni! Hadi kwenye mfereji!" Zebedayo alisema.

Walimbeba mzee kwa blanketi, watatu. Walikuwa wamefika kwenye mikakao ya kwanza nyumba ilipotoa pumzi moja kubwa. Madirisha yalitapika moto. Mabati yaliinuka, yakakaa hewani kidogo kana kwamba yanafikiri, yakaanguka ndani. Joto likawapita juu na kukausha majani ya kakao palepale walipolala.

"Nyasi!" Angetile alilia. "Nyumba yangu!"

Cheche zilikuwa zimetua kwenye paa lake sehemu tatu. Kama Felista angekaa chini wakati ule, nadhani hakuna ambaye angemlaumu. Lakini pampu ilikuwa imewaka. Lutengano alikuwa ameingia mfereji hadi kiunoni, amelishika lile bomba la kufyonzea mikononi lisiguse tope. Maji yakaja. Felista akaukamata mpira, na Zebedayo akaushika nyuma yake, na kwa nusu saa walipigania paa la nyasi la mwanamke mmoja, wakilowesha, wakichomoa mafungu yaliyoshika moto kwa upondo, wakilowesha tena. Walioona moshi kutoka msibani walipofika kwa pikipiki, wanne wanne wamevaa nguo za maombolezo, nyumba ya Mzee Anyelwisye ilikuwa kuta nne nyeusi. Ya Angetile ilikuwa imesimama, imepoteza kona moja.

Gwamaka alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, nywele za upande mmoja zimeungua.

"Baba?" aliuliza.

"Lutengano amempeleka hospitali. Nyayo zimeungua. Anapumua vizuri." Akafuta masizi mkononi. "Nimemshika, Gwamaka. Nimempiga mkono."

Gwamaka alikaa chini kando yake na suti yake ya msibani. Alisema "ndaga," asante ya kwao, tena na tena, mpaka Felista akamwambia inatosha.

Ambrose alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji jioni ile, Zebedayo akiwa naye. Polisi walikaa naye siku mbili, na kesi yake bado haijakwisha. Aliwaeleza: mafuta yalikuwa yameadimika, akayaficha ayauze ghali, kwani nyumba ya mzee mgonjwa hakuna anayeipekua. Alisema aliogopa kufungwa. Alisema alidhani moto usingefika chumba kile. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna lililomsaidia.

Mzee alirudi baada ya majuma mawili, nyayo zimefungwa bandeji. Kwa kuwa hakuwa na nyumba tena, alilazwa chumba cha mbele nyumbani kwa Gwamaka na Felista. Shangazi za ukoo walikuja. Mkubwa wao, Tulinagwe, ambaye ndiye aliyemfundisha Felista mwiko miaka kumi na tisa nyuma, alisema kilichovunjwa lazima kitengenezwe, itafutwe siku, itafutwe ng'ombe, pasemwe maneno. Walijadili sana. Felista alikuwa nje akianika kakao, akisikia kila neno.

Kisha akamsikia mzee akigonga ukuta, na ile sauti iliyopinda ikasema, "Nyinyi mmekula?"

Wakasema bado.

"Basi nendeni mkale. Mtu huyo alinisikia nikimwambia atoke, akakataa. Hayo mengine mtatengeneza na yeye mwenyewe. Mimi sina daawa naye."

Hakumwita jina. Tangu siku ya moto hajamwita jina tena, na Felista naye hajalitamka la kwake. Akimpelekea uji asubuhi, huingia ametazama bandeji, si uso. Lakini huingia, na mzee hageuki ukutani. Siku moja alimwambia uji una chumvi nyingi. Felista akasema, "Haya, baba," akatoka, akasimama uani muda mrefu akiwa na bakuli mkononi.

Mwezi uliofuata kikundi kiliitwa mara mbili, tanuri la matofali lililosambaza moto na pikipiki iliyowaka. Katikati ya hapo Zebedayo aliamua mifereji yote ya kitongoji isafishwe, kila penye nyumba, ili pampu isivute tope tena. Felista alipofika asubuhi kwenye ule wa nyuma ya kakao, alimkuta Ambrose yumo tayari, viganja vimefungwa vitambaa, anatoa matope kwa sepetu peke yake.

"Umeamkaje, shemeji," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeamka." Felista alisimama ukingoni. "Zebedayo alikuuliza mara mbili."

"Najua."

"Ulinitazama mimi, kisha ukasema hakuna."

Ambrose aliacha kuchimba. "Najua, shemeji. Kila nikilala naliona hilo."

"Sijakusamehe. Nisikudanganye."

"Usinidanganye."

Felista aliangalia urefu wa mfereji uliobaki. Ilikuwa karibu saa mbili, na ifikapo mchana upepo wa ziwani ungeanza. Akakunja kanga juu ya magoti, akachukua sepetu ya pili, akashuka majini upande wa chini, mbali naye kidogo, akaanza kuchimba kuelekea alikokuwa yeye.